Dodoso la Muuguzi na Kadi ya Chanjo (Sehemu ya Pili)

Utafiti wa uuguzi kuhusu elimu ya afya vyuoni huanza na dodoso, na swali moja lililoulizwa vibaya hutosha kuliharibu lote. Mji wa Moshi, mkoani Kilimanjaro, una vyuo vikuu kadhaa, na wauguzi husomea KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Juu ya mji, kwenye migomba na kahawa, ziko kata za Uru, ambako baadhi ya wanafunzi hao wamezaliwa.

Chukua swali hili: “Je, umepata chanjo ya homa ya ini aina ya B?” Ndiyo au hapana. Tanzania iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002. Kijana aliyetoka kidato cha sita juzi huenda aliipata akiwa mgongoni mwa mama, akajibu “hapana” kwa kuwa hakumbuki. Jirani yake darasani, muuguzi wa stashahada aliyerudi kusomea shahada, hakuipata utotoni; alichomwa sindano moja kazini, basi hujibu “ndiyo”. Majibu yote mawili yanapotosha, na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo maana mtafiti makini haulizi kumbukumbu, huomba kadi. Tabu ni kwamba kadi ya mtoto wa Uru aghalabu iko nyumbani kwa mama, bahasha moja na cheti cha ubatizo, si bwenini.

Chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ina mkanganyiko wake. Kilimanjaro ilianza kwa majaribio mwaka 2014. Nchi nzima ikafuata 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Kwa hiyo wasichana wawili wa chumba kimoja, mmoja wa Uru na mwingine wa mkoa wa mbali, wanaweza kuwa na historia tofauti kabisa ya chanjo.

Kujua nako si kutenda. Mwanafunzi aliyejichoma sindano wodini anatakiwa kunawa kwa maji na sabuni, kutoa taarifa mara moja, na, ikibidi, kuanza dawa kinga ya VVU ndani ya saa 72. Kwenye mtihani hulijibu hilo bila kusita. Wodini anaweza kunyamaza kwa kumwogopa msimamizi. Dodoso linalopima ujuzi peke yake halitauona woga huo, na likigawiwa na mwalimu anayesahihisha mitihani yao, litauzidisha. Heri fomu isiyo na jina, itumbukizwe katika sanduku lililofungwa.

Dodoso likionyesha kuwa wengi hawajakamilisha chanjo, kalenda ya chuo nayo ihesabiwe. Kwa mtu mzima, chanjo ya homa ya ini aina ya B huwa dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ikianzishwa Novemba, chuo kikifunguliwa, ya tatu huangukia Mei, wanafunzi wakiwa bado darasani. Ikianzishwa Machi, huangukia Septemba, na mabweni yamefungwa.