Mstari Mmoja Katika Hesabu za Benki

Katika kila tawi la benki nchini Kenya huwekwa, kama sheria inavyoamuru, karatasi ya hesabu za robo mwaka, nayo huchapishwa magazetini vilevile. Na chini ya safu za rasilimali, madeni na faida, mahali ambapo jicho la mwenye haraka halifiki, umo mstari unaotaja mikopo waliyopewa wakurugenzi, wanahisa na washirika wao. Mwenye kutaka kujua kama amana yake imo katika mikono salama yampasa aanze kusoma hapo, maana hapo ndipo inapodhihirika ni kiasi gani cha fedha za umma kimekopeshwa kwa wale wale waliokabidhiwa kazi ya kuzihifadhi.

Aprili 2016 mstari huo uliiangusha Chase Bank. Hesabu zake za mwaka 2015 zilitolewa mara mbili, na katika toleo la pili mikopo ya watu wa ndani, iliyokuwa imeandikwa pungufu, ilipanda hadi kupita shilingi bilioni 13. Wakaguzi wakatia shaka, habari zikaenea simuni, wenye akiba wakamiminika kutoa fedha zao, na tarehe 7 Benki Kuu ikaiweka benki hiyo chini ya mrasimu.

Miezi sita kabla, msiba wa Imperial Bank ulikuwa mzito zaidi. Kwa muda uliozidi miaka kumi fedha zilitoka kwa njia zisizoonekana katika vitabu walivyoletewa wasimamizi, na siri haikufichuka ila baada ya mkurugenzi mkuu kufariki Septemba 2015, wale waliobaki walipofungua madaftari wakakuta pengo la zaidi ya shilingi bilioni 30. Benki ilifungwa tarehe 13 Oktoba, siku ile ile ambayo hati zake za mkopo za shilingi bilioni 2, zilizokwisha kupewa idhini na mamlaka ya masoko ya mitaji, zilikuwa zianze kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Hapo ndipo panaponisikitisha kuliko pote: hati hizo zilipita mikononi mwa wanasheria, wahasibu, halmashauri ya wakurugenzi na maofisa wa dola, kila mmoja akiutegemea muhuri wa mwenziwe, na hakuna aliyekwenda kwa mkopaji mwenyewe kumwuliza kama deni analijua.

Wala haikuwa kwamba sheria ilikosekana. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya zinakataza mkopo wa mtu mmoja wa ndani kuzidi asilimia 20 ya mtaji wa msingi. Kilichokosekana ni mwenye ujasiri wa kuhoji. Maana mkurugenzi asiye mtendaji huingia mkutanoni mara chache kwa mwaka, akasoma karatasi alizoandaliwa na meneja anayepaswa kumchunguza, na mkaguzi wa ndani, ambaye kwa haki angeleta taarifa zake moja kwa moja kwa kamati ya halmashauri, aghalabu hungoja ridhaa ya meneja huyo huyo ili apandishwe cheo.

Gharama humwangukia asiye na hatia. Wakati huo bima ya amana ilikuwa shilingi 100,000 tu. Tangu 2020 imekuwa 500,000. Basi mwenye duka aliyeweka 900,000 za kulipia shehena, benki yake ikifilisika leo, atapokea nusu milioni, na 400,000 zilizosalia atazingoja kwa mfilisi, huku aliyemkopesha bidhaa hangoji.

Dkt. Patrick Njoroge, aliyeshika ugavana wa Benki Kuu Juni 2015, alilaumiwa na wengi kwa kuwa benki tatu, Dubai Bank ikiwa ya kwanza, zilianguka katika mwaka wake wa mwanzo. Lawama hiyo siikubali hata kidogo, kwa sababu uozo ulikuwa wa zamani, naye aliufunua.

Lakini dawa iliyopendelewa baadaye hainitoshelezi. Sheria ya 2024 inazitaka benki zipandishe mtaji wao wa msingi kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa 2029. Mtaji una maana yake. Tanzania ilipofunga benki tano ndogo tarehe 4 Januari 2018, zikiwamo za wananchi wa Njombe na Meru, sababu iliyotajwa ilikuwa upungufu wa mtaji, na hakuna wa kuibishia. Imperial na Chase, walakini, hazikuwa vibanda. Zilikuwa benki za kadiri, zenye matawi na sifa, na mtaji mkubwa zaidi ungaliwapa waliozila riziki kubwa zaidi.

Leseni mpya, zilizozuiwa tangu Novemba 2015, zimeruhusiwa tena kuanzia Julai 2025. Kwa kila anayeomba, Benki Kuu na idai orodha ya kampuni zote za wakurugenzi na za jamaa zao, iilinganishe kila robo mwaka na majalada halisi ya mikopo, na mkurugenzi aliyetia sahihi mstari wa uongo ashitakiwe kwa jina lake na kwa mali yake, kabla benki haijafungwa.