Kabla ya Kupanda Daladala: Tuliyojifunza Safarini

Idara yetu hapa Kigali hupeleka wanafunzi Dar es Salaam ili wakakisikie Kiswahili kinavyozungumzwa mitaani. Kabla ya safari moja tuliwakumbusha ngeli na maamkizi, tukasahau kuwafundisha kuvuka barabara. Siku ya kwanza mwanafunzi mmoja alitazama kushoto, akaona hakuna gari, akapiga hatua. Gari lilitokea kulia. Mama muuza ndizi alimvuta mkono. Bila yeye tungerudi na msiba.

Kosa lilikuwa letu sisi walimu. Rwanda, Burundi na Kongo magari hupita upande wa kulia. Tanzania, Kenya na Uganda hupita kushoto. Kwa njia yetu, upande hubadilika mpakani Rusumo. Basi ukivuka barabara Tanzania, anza kutazama kulia. Mlango wa daladala nao uko kushoto. Ukisubiri upande uliouzoea nyumbani, utapelekwa usikokwenda.

Jambo la pili ni saa. Tanzania imetutangulia kwa saa moja: tikiti ikisema saa kumi na mbili asubuhi, Kigali ni saa kumi na moja. Asiyerekebisha saa yake Rusumo atalikuta basi limekwisha kuondoka. Aidha, vitabu vya zamani vitakuelekeza Ubungo, lakini stendi kuu ya mabasi ya mikoani sasa ni ile ya Magufuli, Mbezi, iliyozinduliwa mwaka 2021.

Tatu ni msamiati. Kigali pikipiki ya abiria tunaiita "moto". Dar es Salaam ukisema "nataka moto", utapewa kiberiti! Sema "bodaboda", ile ya magurudumu matatu ni "bajaji". Katika daladala, majina yaliyoandikwa mbele ni mwanzo na mwisho wa njia. Hapa kwetu tumezoea kugusisha kadi mlangoni. Kule konda hupita akidai nauli mkononi, kwa hiyo uwe na chenji. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza mwaka 2016, yana njia zao, na nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda.

Na kushuka je? Mwanafunzi wetu mwingine alisema kwa ufasaha: "Ndugu kondakta, ningeomba kuteremka katika kituo kinachofuata." Kabla hajamaliza, kituo kilikuwa kimepitwa. Mwenyeji husema "Shusha!" tu, na hakuna anayemwona hana adabu. Sarufi ya mwanafunzi wetu haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mazoea.

Tangu hapo, wiki moja kabla ya safari tunapanga viti darasani viwe daladala, mwalimu anakuwa konda, na asiyesema "Shusha!" kwa wakati anapitishwa kituo. Tunawashauri walimu wenzetu wafanye hivyo. Kicheko ni kingi, lakini somo hilo hulinda maisha.

Tunawatakia safari njema.