VPN ya bure kwenye simu yako: nani anaona unachofungua, na sheria inasemaje?

Bukoba. Mei 2025 mtandao wa X uligoma kufunguka nchini, saa chache baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kwenye mtandao huo kudukuliwa. Waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Jerry Silaa, baadaye alisema tatizo ni maudhui ya ngono ambayo X inayaruhusu na sheria ya Tanzania haiyaruhusu. Tangu hapo, mtu akikwama jibu analopewa ni moja, iwe yuko Bilele katikati ya mji au Kamachumu kule Muleba: "Weka VPN."

Basi anaingia Play Store, anaandika herufi tatu, zinakuja programu kibao, zote za bure. Anachukua ya kwanza, anabonyeza "kubali, kubali, kubali", X inafunguka. Maisha yanaendelea.

Kuna mambo mawili hapo ambayo wengi hawayaulizi. Huyo aliyekupa VPN ya bure anakula wapi? Na je, kuwa nayo tu kwenye simu ni kosa?

VPN inafanya nini hasa

Chukua mfano wa mzigo. Unatuma mfuko wa kahawa kwa basi kutoka stendi ya Bukoba kwenda kwa mteja Dar es Salaam. Umeushona vizuri, kondakta haoni kilichomo ndani, lakini jina la mteja uliloandika juu analiona. Akiambiwa mizigo ya mteja huyo isipandishwe, anaiacha chini.

Intaneti ya kawaida ndivyo ilivyo. Ukifungua tovuti yenye alama ya kufuli, kampuni ya simu haisomi unachoandika, ila inaona unakwenda tovuti gani. Ndiyo maana inaweza kuagizwa ifunge moja na kuacha nyingine.

VPN inauweka mfuko wako ndani ya boksi jingine, na juu ya boksi hilo linaandikwa jina la wakala aliyeko, tuseme, Uholanzi. Kondakta anaona wakala tu. Wakala akilipokea analifungua, anasoma jina la mteja, anaupeleka mfuko.

Hapo watu wengi husema, "Sasa nimejificha." Hapana. Umeyahamisha macho tu, kutoka kwa kondakta kwenda kwa wakala. Kampuni ya simu angalau unaijua: ina duka mjini, laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, na ikikukosea unajua pa kwenda kulalamika. Wakala humjui jina, humjui nchi, na anaona kila mlango unaobisha.

Bure ya VPN inafanana na butura

Mkulima wa Kagera hahitaji kuelezwa butura. Shida imebana, ada ya mtoto inadaiwa, kahawa bado iko kwenye maua. Anakuja mtu na hela taslimu, unachukua. Msimu ukifika mavuno siyo yako tena, na ukipiga hesabu unakuta umeuza kwa bei ya kutupa. Serikali imepiga marufuku butura na bado watu wanaifanya, kwa sababu hela ya leo inaonekana na hasara ya kesho haionekani.

VPN nyingi za bure zinaendeshwa kwa mtindo huo. Kuendesha mitambo inayobeba data za mamilioni ya watu ni gharama kubwa, na mtu lazima ailipe. Usipolipa kwa hela, unalipa kwa taarifa zako.

Mwaka 2016 watafiti wa taasisi ya sayansi ya Australia, CSIRO, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vikuu, walipima programu 283 za Android zinazotumia ruhusa ya VPN. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi. Asilimia 18 hazikuficha chochote: boksi lilikuwa wazi njia nzima. Na robo tatu zilibeba vifuatiliaji vya kampuni nyingine, yaani vitu vya kukuchunguza ndani ya programu uliyoiweka ili usichunguzwe.

Usidhani ni kampuni za mtaani tu. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Israel iitwayo Onavo, iliyokuwa na VPN ya bure. Watu waliiweka wakiamini inawalinda, kumbe Facebook iliitumia kuona watu wanatumia programu gani za washindani wake. Iliondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2018, na Julai 2023 mahakama ya Australia iliziamuru kampuni tanzu za Meta kulipa dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji.

Kisa cha Hola, kilichojulikana 2015, kinatisha zaidi. Hiyo iliuza intaneti ya watumiaji wake wenyewe. Ukiwa nayo, mtu usiyemjua anaweza kupita kwenye bando lako, na anachokifanya huko kinaonekana kimetoka kwako. Akifanya uhalifu, anwani inayoonekana ni yako.

Programu huria inasaidia wapi

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya ndani yamewekwa hadharani, mtaalamu yeyote anaweza kuyasoma na kuona inafanya nini. Si jambo geni kwako: simu ya Android uliyoshika imejengwa juu ya Linux, ambayo ni huria.

Ni sawa na mizani ya kahawa. Mizani ikiwa imegeuziwa kwa mkulima, hata asiyejua kusoma namba ana jirani atakayemsomea. Mizani ikiwa chumba cha ndani, unaletewa karatasi tu uamini.

Kwenye VPN, njia mbili zinazojulikana zaidi ni huria: OpenVPN, iliyoanza 2001, na WireGuard iliyobuniwa na Jason Donenfeld, ambayo iliingizwa ndani ya Linux yenyewe Machi 2020. WireGuard ilianza na mistari isiyofika 4,000, kitu ambacho mtu mmoja makini anaweza kukimaliza kusoma. Zipo pia kampuni za VPN zilizoweka hadharani programu zao za simu, kama Proton iliyofanya hivyo mwaka 2020.

Lakini tusidanganyane. Uhuria wa programu iliyoko kwenye simu haukuonyeshi kinachofanyika kwenye mtambo wa wakala. Mizani unaiona, stoo huioni. Inapunguza wizi wa wazi, haimgeuzi wakala kuwa malaika.

Sheria inasemaje

Hapa ndipo panapohitaji utulivu, maana mtaani kuna wanaosema VPN ni marufuku kabisa na wanaosema hakuna shida yoyote. Wote wamekosea.

Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza mtu kutoa, kumiliki au kusambaza teknolojia au programu inayomwezesha mtumiaji kufikia maudhui yaliyokatazwa. Angalia neno "kumiliki". Oktoba 13, 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitoa tangazo ikiwataka watu na kampuni ambao kazi zao zinahitaji VPN watoe taarifa zao, ikiwemo anwani ya IP, kabla ya Oktoba 30 mwaka huo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Milioni tano ni hela ya bodaboda mpya na chenji ikabaki.

Kwa hiyo kuitumia kwa kazi halali na kuitolea taarifa kunakubalika. Kuiweka kimyakimya ili ufungue kilichofungwa kunakuweka upande mbaya wa kanuni.

Wanaounga mkono wana hoja. Utapeli wa mtandaoni umeumiza watu, picha za ngono zinawafikia watoto, na nchi haiwezi kuwa na sheria ambayo kila mtu anairuka kwa kubonyeza mara moja. Hoja hizo ni nzito.

Ugumu uko kwenye utekelezaji. Utaratibu wa kutoa anwani ya IP unamfaa benki au shirika, wenye anwani isiyobadilika na mtu wa teknolojia ofisini. Binti anayeuza nguo kwa simu pale sokoni Bukoba hajui IP ni kitu gani, na hata angejua, ya VPN yake inabadilika kila akiunganisha. Kanuni imeandikwa kama vile kila mtumiaji ana idara ya kompyuta. Matokeo yake, mwenye kazi halali naye anajificha pamoja na mwenye nia mbaya, na hakuna anayeweza kuwatofautisha.

Kuna jingine. X ilikuwa mahali ambapo ofisi za umma zenyewe zinatoa matangazo. Ukifunga mlango ambao taarifa za serikali zinapitia, unamsukuma raia mwema kwenye VPN, na kwa kuwa hana wa kumshauri, anachukua ile ya bure, ya kwanza kwenye orodha. Hasara ya hapo haionekani kwenye kumbukumbu ya mtu yeyote.

Ukivuka Mutukula

Wafanyabiashara wa Kagera wanaokwenda Uganda wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Facebook ilifungwa huko Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Ukinunua laini ya Uganda, Facebook haifunguki. Ukibaki na laini ya Tanzania kwa romingi kwa kawaida inafunguka, kwa kuwa data yako inazungukia nyumbani kwanza kabla ya kwenda duniani. Umesimama palepale na simu ileile, kilichobadilika ni laini tu.

Uganda ilipoweka kodi ya mitandao ya kijamii Julai 2018, shilingi 200 za huko kwa siku, watu wengi walikimbilia VPN kukwepa. Mwaka 2021 kodi hiyo ikafutwa, ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye bando lenyewe. Hiyo VPN haiikwepi, maana bando lazima ununue.

Mtandao ukizimwa wote

Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilikatika nchi nzima, ikaanza kurejea Novemba 3. Wengi waliwasha VPN moja baada ya nyingine bila mafanikio, wakadhani wamekosea kuweka. Hawakukosea. VPN hubadilisha jina juu ya boksi tu, na siku hiyo basi lenyewe halikuondoka stendi.

Angalia simu yako sasa

Fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, tafuta VPN. Utaona programu zote ulizozipa kibali cha kupitisha data yako. Wengine watashangaa kukuta programu ya kusafisha simu au ya kuongeza kasi imo humo, nao hawakumbuki waliikubalia lini. Ifute.

Kisha tazama ruhusa. VPN haina kazi na majina ya watu uliowahifadhi, meseji wala kamera. Inayoviomba ina shughuli nyingine. VPN uliyotumiwa WhatsApp kama faili, badala ya kuipata kwenye duka la programu, usiifungue kabisa. Na kama kazi yako inahitaji VPN kweli, uliza TCRA utaratibu wa kutoa taarifa kabla hujaiwasha.

Unapotaka kutuma hela au kufungua programu ya benki, angalia juu ya kioo. Kialama cha ufunguo kikiwepo, ujue wakala yuko njiani.