Bibi Amepotea Njia, Hajaroga Mtu

Mwaka jana kijana mmoja alimleta bibi yake kliniki kwa baiskeli. Bibi alikuwa akitoka usiku na kusimama mlangoni kwa jirani, akidhani ni kwake. Mtoto wa jirani akaugua, ramli ikapigwa. Macho yake mekundu, kama ya akina mama wengi waliopikia kuni na samadi maisha yao yote, yakafanywa ushahidi. Huku kwetu Shinyanga na Geita tunajua maneno hayo huishia wapi: kwenye panga.

Nikamuuliza, "Mayu, huyu ni nani?" Akamtaja kaka yake aliyekwisha kufariki. Presha yake ilikuwa 210 kwa 120. Kijana akakumbuka kuwa zamani kidogo mkono wa bibi ulilegea siku mbili, ukapona wenyewe.

Ndani ya damu zimo chembe sahani, ndogo kuliko chembe nyingine zote. Ukijikata na jembe, hukimbilia pale, hushikana, na damu huganda. Lakini presha ya muda mrefu, kisukari na sigara huharibu kuta za mishipa. Chembe hizo huuona ufa ule kama jeraha, bonge hujitengeneza, na sehemu ndogo ya ubongo hukosa damu ikafa. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka mama hamtambui mwanawe. Hiyo ni njia moja ya ugonjwa wa kusahau uzeeni, zipo nyingine. Na msidhani ni ugonjwa wa Wazungu: wilayani Hai, Kilimanjaro, utafiti uliotolewa mwaka 2013 uliukuta kwa wazee wapatao 6 katika kila 100 wa miaka 70 na kuendelea. Kwa wachimbaji wetu wa dhahabu, mvuke wa zebaki huharibu ubongo hata wa kijana.

Wengine huuliza: basi tuwape wazee aspirini, si hupunguza kushikana kwa chembe hizo? Mwaka 2018 yalitolewa majibu ya wazee zaidi ya 19,000 wenye afya njema, wa Australia na Marekani, nusu yao wakimeza aspirini kila siku. Haikuzuia ugonjwa wa kusahau, ila ilizidisha kutokwa na damu. Aliyekwisha kupata kiharusi ni habari nyingine, naye aandikiwe na daktari. Msinunue dukani kwa kukisia. Mpelekeni mzee apimwe presha.

Bibi yule anameza dawa za presha, kumbukumbu haikurudi. Nilimwita mwenyekiti wa kitongoji nikamwonyesha namba ile kwenye daftari lake. Jirani bado hamsalimii, lakini akimkuta mlangoni usiku humwita mjukuu.