Je, Wajua? Mpendwa Akifia Ng'ambo, Ulizeni Kwanza Nani Anawajibika

Je, wajua kwamba serikali ya nchi alikofia Mkenya inapaswa kuuarifu ubalozi wetu bila kuchelewa, mara tu inapopata habari? Kifungu cha 37 cha Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kikonseli, wa 1963, kinasema hivyo. Hata hivyo, familia nyingi za Nakuru, Molo au Gilgil huipata habari kwa simu ya rafiki wa marehemu, usiku, kabla ya ofisi yoyote kutoa tamko. Usingoje barua. Wasiliana na Wizara ya Mambo ya Nje ukiwa na jina kamili lililo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti hiyo na jina la mwajiri. Tangu 2022 kuna idara ya serikali inayoshughulikia Wakenya walio ughaibuni, na hili ni jukumu lake.

Je, wajua kwamba harambee haifai kuwa hatua ya kwanza? Sheria ya kazi ya Saudi Arabia, kifungu cha 40, inamtwika mwajiri gharama ya kuandaa maiti na kuisafirisha hadi mahali mkataba ulipofungwa au mfanyakazi alipoajiriwa, isipokuwa jamaa wamekubali azikwe hukohuko au bima ya jamii imeibeba gharama hiyo. Wafanyakazi wa nyumbani wana kanuni zao, kwa hiyo mkataba wa marehemu na bima yake visomwe neno kwa neno. Ajenti aliyempeleka naye aulizwe. Inauma sana familia ikiuza ng'ombe au kipande cha shamba Subukia ilhali mwajiri hajapigiwa hata simu moja.

Na hatuzungumzii watu wawili watatu. Gazeti la New York Times liliripoti Machi 2025 kwamba wafanyakazi wa Kenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikuwa wamefia Saudi Arabia katika miaka mitano.

Je, wajua kwamba baharia ana ulinzi wake? Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2014, unamtaka mwenye meli alipe gharama za mazishi, kifo kiwe kimetokea melini au nchi kavu, mradi baharia alikuwa bado kwenye ajira. Marekebisho ya 2022, yaliyoanza kutumika Desemba 2024, yanaongeza kwamba mwili au majivu yarudishwe nyumbani kulingana na matakwa ya marehemu au jamaa zake. Vijana wetu wanaokwenda kupika na kutandika vitanda kwenye meli za watalii walijue hili kabla hawajapanda.

Visiwani mambo huwa magumu zaidi. Je, wajua kwamba Tristan da Cunha, katika Atlantiki ya Kusini, hakina uwanja wa ndege hadi leo, na meli kutoka Cape Town huchukua takriban wiki nzima kukifikia? Saint Helena kilipata ndege za abiria za ratiba Oktoba 2017 tu. Mahali kama hapo jamaa hulazimika kuamua upesi: azikwe huko, au mwili ungoje meli.

Na kungoja huko visiwani si jambo geni: Kabaka Mwanga wa Buganda alifia uhamishoni katika visiwa vya Ushelisheli mwaka 1903. Mabaki yake yalirudishwa 1910 na kuzikwa Kasubi. Miaka saba, na huyo alikuwa mfalme.

Je, wajua kwamba mamia ya wanajeshi wa Afrika Mashariki wamelala chini ya bahari karibu na visiwa vya Maldives? Meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo, ikiwa imebeba kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga kwa torpedo, nayo ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Hakuna jeneza lililorudi. Majina ya askari hao yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong, na mwenye babu aliyepotea hivyo anaweza kwenda kulitafuta jina lake. Waingereza nao, mwaka 1915, walikataza kurudisha maiti za wanajeshi wao nyumbani. Ndiyo maana Gilgil ina makaburi ya vita.

Mwili usipopatikana je? Kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu mahakama kumchukulia mtu kuwa amefariki ikiwa wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake hawajazipata kwa miaka 7. Bila hatua hiyo, urithi na hati ya shamba hukwama.

Je, wajua kwamba jeneza halitoki pale abiria wanapotokea? Hushughulikiwa kama mzigo, na hupokelewa sehemu ya mizigo ya uwanja wa Jomo Kenyatta baada ya maafisa wa afya kukagua karatasi: cheti cha kifo, cheti cha kutiwa dawa ya kuhifadhi mwili, barua kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza, pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi. Karatasi moja ikikosekana, gari lililotoka Nakuru, kilomita 160 hivi, litasubiri.

Mkubaliane mapema kuhusu kaburi pia. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, akazikwa Mei 1987, kwa sababu mjane na ukoo walipelekana kortini. Jeneza lililovuka bahari lisije likakwama mochari kwa ugomvi wa nyumbani.

Kama una mwana, dada au mume ng'ambo sasa hivi, mwombe leo akutumie nakala ya pasipoti, mkataba na bima yake, pamoja na namba ya mwajiri na ya ajenti. Zihifadhi mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja nyumbani anapajua.