Degedege na hofu ya sindano: Imani inayowachelewesha watoto hospitalini

MTOTO aliyekuwa akicheza asubuhi hushikwa na homa adhuhuri. Ifikapo magharibi, macho yamegeuka juu, meno yameumana na viungo vinakakamaa na kutukutika. Katika vijiji vingi vya Pwani, Kenya na Tanzania, wazazi wa mtoto kama huyo wamezoea kupewa onyo moja: degedege halichomwi sindano, na mtoto akichomwa hufa.

Jina lenyewe limebeba imani. Dege ni ndege mkubwa, na inaaminika kuwa mtoto amepitiwa na pepo mwenye umbo la ndege. Baadhi ya Wamijikenda wa Kilifi huuita ugonjwa huo nyuni, neno ambalo katika Kiswahili cha washairi wa kale pia lina maana ya ndege. Madhali chanzo ni pepo, mwenye dawa ni mganga. Mtoto hufukizwa moshi wa kinyesi cha ndovu, hupakwa mkojo au hukogeshwa maji ya majani. Watafiti waliochunguza suala hili wilayani Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta desturi hizo. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba wazazi waliojua vyema kuwa malaria hutibiwa hospitalini hawakuona uhusiano wowote baina ya malaria na degedege.

Ilhali uhusiano upo, na ni wa karibu mno. Watoto wa umri wa kati ya miezi 6 na miaka 5 wanaweza kutukutika kwa sababu ya homa kali tu, iwe imeletwa na malaria, mafua au maambukizi ya sikio. Mtukutiko wa aina hiyo unatisha, lakini aghalabu hukoma wenyewe kabla ya dakika 5 na hauachi dhara.

Aina ya pili ni ya hatari. Vimelea vya malaria aina ya falciparum vinapoingia katika chembe nyekundu za damu, chembe hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo, ikiwemo ya ubongo. Damu hupita kwa shida, sukari mwilini huweza kushuka, na mtoto huzirai. Hata akitibiwa hospitalini, takriban mtoto 1 kati ya 5 au 6 waliofikia hali hiyo hufariki. Baadhi ya wanaopona hubaki na kifafa, uziwi au ugumu wa kusema. Homa ya uti wa mgongo nayo huanza kwa dalili zinazofanana, na kwa macho matupu hakuna mzazi wala mganga awezaye kuzitofautisha.

Hapa ndipo imani hii inapopata nguvu zake, na si haki kuwacheka wanaoishika, kwa kuwa wanasimulia walichokiona. Mtoto mwenye mtukutiko wa homa tu hufukizwa moshi, na baada ya dakika chache hutulia. Angetulia hata kama hakufanyiwa lolote, lakini sifa huenda kwa moshi. Mwenye malaria ya ubongo hufukizwa vilevile, hatulii, anapelekwa kwa mganga wa pili, na siku inakucha. Anapofikishwa hospitalini hali imeharibika. Anadungwa sindano, na baada ya saa moja au mbili anakata roho. Kijijini hukumbukwa sindano, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Saa nyingi zilizopotea kabla yake hazihesabiwi na mtu.

Matokeo ni kwamba wale ambao wangepona vyovyote huhesabiwa kuwa ushahidi wa uganga, na waliocheleweshwa huwa ushahidi dhidi ya daktari. Kila msiba huongeza hofu, na hofu huchelewesha mtoto mwingine.

Ukweli kuhusu sindano ni kinyume kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo, ulilinganisha sindano za kwinini na za artesunate. Waliofariki walikuwa asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini na asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunate. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza artesunate iwe tiba ya kwanza kwa watoto hao.

Haja ya kuharakisha bado ni kubwa. WHO ilikadiria kuwa malaria iliua watu 597,000 duniani mwaka 2023, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya miaka 5.

Mtoto akianza kutukutika, alazwe ubavu, nguo zilegezwe na vitu vigumu viondolewe karibu naye. Asitiwe kijiko kinywani, kwani huvunja meno, wala asinyweshwe maji au dawa kabla hajapata fahamu. Kumtumbukiza katika maji baridi hakufai pia. Mtukutiko ukipita dakika 5, ukirudi tena au mtoto asipozinduka, hiyo ni dharura. Hata ukikoma upesi, apelekwe apimwe damu siku hiyohiyo.

Kwa wanaoishi mbali na hospitali, ipo pia artesunate isiyohitaji sindano, inayotiwa kupitia njia ya haja kubwa. WHO huipendekeza kwa watoto walio chini ya miaka 6 wenye malaria kali, mahali ambapo sindano haipatikani. Dawa hiyo hupunguza vimelea wakati mtoto yuko njiani. Haimalizi ugonjwa, na safari ya hospitali ni lazima iendelee, hata kama macho yamefumbuka na mtoto ameanza kuomba uji.