Je, Wajua? Saadani ilirithi ranchi ya ng'ombe

Msafiri anayeshuka kutoka Moshi kupitia Same, Segera na Pangani hufika Saadani, hifadhi ya taifa inayogusa Bahari ya Hindi. Kaskazini mwake palikuwa Ranchi ya Mkwaja, iliyofuga maelfu ya ng'ombe hadi ilipofungwa mwaka 2000. Mbung'o na ugonjwa wa nagana viliisumbua mno.

Malisho yale sasa ni ya nyati, kongoni na tembo. Utajiri ulioje!

 

Ufukweni Madete, ndani ya hifadhi hiyo, hutaga kasa. Tochi zizimwe usiku: mwanga humrudisha baharini kabla hajataga.